Besi inavuma, sauti haifiki, upande mmoja kimya: tafuta ugonjwa wa hedifoni kabla ya kununua amplifaya

Mtu akichomeka hedifoni nzuri kwenye amplifaya ya sebuleni na sauti isimridhishe, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua amplifaya ya pekee ya hedifoni. Kuna wakati ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini nimeona mara nyingi pesa ikitoka na ugonjwa ukabaki palepale, kwa sababu kibovu kilikuwa pini, adapta au waya wa ethi. Hapa tutaanza na kile masikio yanachosikia, kisha turudi nyuma mpaka kwenye chanzo, na amplifaya ya pekee nitaitaja pale tu inapotibu kweli.

Kwanza jua tundu lako limetoka wapi

Amplifaya ya stirio imejengwa kusukuma spika za omu 4 hadi 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia umeme). Ile ya wati 50 kwa spika ya omu 8 inaweza kutoa volti 20. Volti hizo zikienda moja kwa moja kwenye hedifoni ya omu 32, hedifoni itapokea wati 12.5, na yenyewe hutosheka na sehemu ndogo sana ya wati moja. Koili, yaani nyaya nyembamba zilizozungushwa ndani yake, zingeungua hujawahi hata kuivua kichwani. Ndiyo maana watengenezaji, hasa wa miaka ya 1970 na 1980, walichukua sauti ileile inayokwenda kwenye spika, wakaipitisha kwenye rizista (kijisehemu cha kuzuia umeme) moja kila upande, ya omu mia na kitu hadi 470 hivi, ndipo wakaifikisha tunduni. Hilo nitaliita tundu la rizista.

Aina ya pili ni tundu lenye saketi yake ndogo ndani ya amplifaya, mara nyingi chipu moja isiyo na kazi nyingine ila hedifoni. Utalikuta zaidi kwenye mashine za miaka ya karibuni. Ubora wake hutofautiana mno: kuna yanayoshindana na amplifaya za pekee, na kuna yaliyowekwa ili tu maandishi ya PHONES yaonekane kwenye uso wa mashine.

Amplifaya ya pekee nayo ni kisanduku chenye kazi hiyo moja. Kilicho muhimu ndani yake si wati. Ni ukinzani mdogo wa kutolea sauti, ambao kwenye zilizoundwa vizuri huwa chini ya omu 2.

Unataka kujua lako ni lipi bila kufungua mfuniko? Tafuta kigawanyi, kile kiwaya chenye pini moja na matundu mawili. Vaa hedifoni yako, sikiliza wimbo kwa sauti ya kawaida, kisha mwambie mtu achomeke hedifoni nyingine ya omu 32 kwenye tundu la pili. Sauti yako ikishuka kwa nguvu, ukinzani wa tundu ni mkubwa. Ikibaki kama ilivyokuwa, ukinzani ni mdogo.

Mwenye multimita anaweza kupata namba yenyewe. Cheza mlio wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, kwa sauti ya chini (mita nyingi za bei nafuu hazisomi vizuri masafa ya juu), pima volti za AC tunduni bila kitu, kisha weka rizista ya omu 100 kati ya chaneli (upande mmoja, kushoto au kulia) na ardhi ya tundu (mguu unaotumiwa na pande zote mbili), upime tena. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, toa moja, zidisha kwa 100. Kama bila kitu ulipata volti 1.00 na kwa rizista ukapata 0.23, jibu ni omu 335 hivi: mle ndani kuna rizista ya 330. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike nyuma ya mashine, maana utaihitaji kila unapofikiria hedifoni mpya.

Besi imekuwa nene na inavuma, waimbaji wamefunikwa

Hii ndiyo dalili inayonihangaisha kuliko zote, kwa sababu wengi huipenda siku ya kwanza. Mtu husema hedifoni "imepata uzito" kwenye redio ya zamani. Wiki ya pili analalamika kwamba gitaa la besi halina mwisho, kila noti inajivuta hadi noti inayofuata, na sauti ya mwimbaji iko kama nyuma ya pazia.

Namba ya omu iliyoandikwa kwenye boksi la hedifoni ni wastani tu. Hedifoni za koili hupanda ukinzani pale diaframu, utando unaotoa sauti, inapotikisika kwa urahisi zaidi, mara nyingi kwenye besi. Sennheiser HD 600, kwa mfano, imeandikwa omu 300, lakini kuzunguka hezi 100 hupanda hadi karibu 500 au zaidi. Sasa rizista ya tunduni na hedifoni zinagawana volti: mwenye omu nyingi anapata fungu kubwa. Hedifoni ikipanda omu kwenye besi, fungu lake la besi linaongezeka, na wewe unasikia besi ambayo aliyerekodi hakuiweka.

Tupige hesabu. Kwenye tundu la omu 330, HD 600 hupata 300 juu ya 630, yaani asilimia 48 ya volti. Kwenye besi hupata 500 juu ya 830, yaani asilimia 60. Tofauti ni desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Inasikika, ila wengine huiona nzuri na siwalaumu. Lakini chukua hedifoni ya omu 32 inayopanda hadi 60 kwenye besi: hapo tofauti inakaribia desibeli 5, na huo ni uvimbe ambao hakuna atakayeuita ladha. Hedifoni hiyohiyo kwenye amplifaya ya pekee ya omu 2 ingekuwa na tofauti ya robo ya desibeli, na hiyo hakuna sikio litakaloigundua kwenye muziki.

Juu ya hapo kuna suala la breki. Koili ikitembea ndani ya sumaku huzalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo ukipata njia rahisi ya kurudi kwenye amplifaya, husimamisha diaframu mapema. Rizista kubwa huziba njia hiyo. Ndiyo maana noti inajivuta.

Watu wa fani hii hutumia kanuni ya moja ya nane: ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inataka tundu la omu 4 au pungufu, na ya omu 300 inavumilia hadi 37. Usiishike kama sheria ya dini, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Kabla ya kuwalaumu wahandisi wa zamani, kumbuka hedifoni walizokuwa nazo. Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968 ilikuwa na omu 2000. AKG K240 za zamani zilikuwa na omu 600. Mbele ya mashine kama hizo rizista ya 330 haina madhara makubwa, na kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 kilipendekeza omu 120 kwa tundu la hedifoni. Tatizo lilikuja pale hedifoni zilipoanza kutengenezwa kwa ajili ya vifaa vya betri, omu zikashuka hadi 32 na 16, na matundu ya amplifaya nyingi yakabaki yalivyo.

Tiba ni tatu. Ya kwanza ni amplifaya ya pekee, na kwa dalili hii hasa inastahili pesa yake. Ya pili ni kubadili hedifoni: zile za sumaku bapa, zenye nyaya zilizotandazwa kwenye utando badala ya koili, kama HiFiMan Sundara, zina ukinzani ulionyooka kutoka besi hadi juu, kwa hiyo rizista huzipunguzia sauti tu bila kugusa ladha. Ya tatu ni ya fundi, na gharama yake ni ndogo. Kama umehakikisha tundu lako ni la rizista, tengeneza kiwaya cha adapta chenye rizista ya omu 10 kati ya kila chaneli na ardhi. Kuanzia hapo hedifoni itaona ukinzani wa chini ya omu 10 badala ya 330. Sauti itapungua, lakini amplifaya ya wati 50 bado itaipa hedifoni ya omu 32 zaidi ya miliwati 6, na hizo ni nyingi kwa hedifoni yenye usikivu wa kawaida (usikivu ni kiasi cha sauti hedifoni inachotoa kwa umeme inaopewa).

Adapta hiyo usiichomeke kamwe kwenye tundu la chipu. Omu 10 ni mzigo mzito kwa chipu ndogo. Itakoroga sauti au itakufa.

Na kuna tiba ambayo si tiba: fundi anayefungua mashine na kuziruka rizista kwa waya ili "sauti ipande". Rudi kwenye zile wati 12.5 za mwanzo uone kitakachofuata.

Volyumu iko juu lakini sauti haifiki

Hapa chanzo si kimoja, na jibu linategemea umechomeka nini wapi.

Kama chanzo chako ni simu na kiwaya kidogo cha USB-C, una volti 1 hivi. HD 600 hutoa desibeli 97 kwa volti 1, na hiyo ni kwa vilele vya juu kabisa. Muziki uliorekodiwa kwa utulivu, kama okestra au taarabu ya zamani yenye nafasi kati ya ala, wastani wake hukaa desibeli 15 hadi 20 chini ya vilele. Ndipo unajikuta umefika mwisho wa volyumu na bado unatamani kidogo. Beyerdynamic DT 880 ya omu 600 iko kwenye hali hiyohiyo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba redio kubwa ya zamani yenye tundu la rizista inamaliza tatizo hili vizuri kuliko amplifaya nyingi ndogo za pekee. Volti 20 zikipita kwenye rizista ya 330 humwachia HD 600 volti 9.5 na miliwati 300. Visanduku vingi vinavyochajiwa kwa USB havifiki hapo. Mwenye hedifoni ya omu 250, 300 au 600 na redio nzima ya miaka ya 1970 hana haraka ya kununua chochote.

Kinyume chake ni hedifoni za sumaku bapa zenye usikivu mdogo. HiFiMan HE-6 hutoa desibeli 83.5 tu kwa miliwati moja, kwa omu 50. Kufika vilele vya desibeli 110 inataka karibu miliwati 450, pamoja na mkondo wa karibu miliampea 95. Chipu ndogo haiuwezi mkondo huo: sauti inakuwa kubwa kiasi, halafu ngoma ikigonga inapasuka. Kwa hedifoni za namna hii unahitaji amplifaya ya pekee yenye nguvu halisi. Unaponunua, soma wati kwa omu za hedifoni yako, kwa sababu amplifaya inayojisifu kwa wati 2 kwenye omu 16 inaweza kuwa dhaifu sana kwenye omu 300.

Wengine huunganisha HE-6 kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Inawezekana, lakini uwe na uhakika kwamba nguzo hasi za spika zote mbili ziko kwenye ardhi moja. Amplifaya nyingi za kisasa, hasa za daraja D, hazina ardhi pale, na pini ya kawaida ya hedifoni inayounganisha hasi mbili pamoja itaziunguza.

Kabla ya yote hayo, angalia simu au kompyuta. Kuna vifaa vinavyobana sauti kwa ajili ya usalama wa masikio. Ukikuta kizuizi, fikiri kidogo kabla ya kukitoa: Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 90 kwa saa 4 tu. Anayetaka sauti zaidi kila mwezi akapimwe masikio, amplifaya ingojee.

Kuna "shhh" hata muziki ukisimama

Zungusha volyumu mpaka chini kabisa. Kama ile shhh imebaki vilevile, inatoka kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya, na utaisikia zaidi kwa visikizio vidogo vya ndani ya sikio kwa sababu usikivu wake ni mkubwa mno. Kama inapanda na volyumu, inatoka kwenye chanzo au hatua za mwanzo. Badili chanzo uone.

Kwa visikizio vya ndani vyenye vipaza vingi kila upande kuna madhara mengine. Shure SE846, kwa mfano, imeandikwa omu 9, na visikizio vya aina hii hubadilika ukinzani sana kutoka masafa moja hadi mengine. Ukivichomeka kwenye tundu la omu 100, unabadilisha mizani yote ya sauti, na utadhani umeuziwa feki. Kwa mtu wa visikizio kama hivyo sipendekezi tundu la redio kabisa. Kiwaya cha USB-C chenye ukinzani wa chini ya omu 1 kinampa sauti sahihi kuliko amplifaya ya kilo 15.

Upande mmoja kimya, au waimbaji wamepotea

Geuza hedifoni, kushoto kuwe kulia. Chomeka kwenye kifaa kingine. Ukimya ukifuata hedifoni, waya wake umekatika, mara nyingi pale unapoingia kwenye pini au kwenye kikombe. Ukimya ukibaki na amplifaya, endelea kusoma.

Tundu la milimita 6.35 hupokea uzito wa adapta ndefu ya chuma pamoja na waya, na kila mtu akiugusa waya tundu linapindwa. Lehemu ya nyuma hupasuka. Ukitikisa pini na sauti inakuja na kuondoka, umepata ugonjwa, na fundi yeyote mwenye pasi ya kulehemu ataumaliza kwa dakika kumi. Ukishatengeneza, tumia adapta yenye kipande cha waya mlaini badala ya ile ngumu.

Kwenye tundu la rizista, rizista yenyewe inaweza kuwa imeungua. Hapo mwambie fundi arudishe ya wati ileile. Kwenye mfano wetu wa wati 50, rizista hubeba karibu wati 1 sauti ikiwa juu kabisa, kwa hiyo kile kirizista cha robo wati alichonacho mezani kitaungua tena.

Sasa dalili ya ajabu kidogo: vyombo vinasikika, mwangwi unasikika, lakini mwimbaji ametoweka, kama wimbo wa karaoke. Rafiki mmoja wa Tanga alinipigia simu usiku kwa jambo hili. "Kaka, hii redio imemla mwimbaji!" Alikuwa na hakika amplifaya yake imeharibika ndani. Nilimuuliza jambo moja tu, pini yake ina mistari mingapi. Ilikuwa mitatu, pini ya hedifoni yenye maikrofoni, ndani ya adapta iliyotengenezwa kwa pini ya mistari miwili. Ardhi ya hedifoni haikugusa ardhi ya tundu. Hilo likitokea, masikio yote mawili yanapata tofauti kati ya kushoto na kulia tu, na chochote kilichowekwa katikati, ambako mwimbaji hukaa, kinajifuta. Vuta pini nje milimita moja na sauti itarudi. Dawa ya kudumu ni adapta sahihi. Hata pini ya kawaida isiyoingia mpaka mwisho huleta dalili hiyo.

Mvumo wa chini usiokwisha

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo utakuwa wa hezi 50 au 100: mzito, usiobadilika. Chomoa vyanzo vyote nyuma ya amplifaya kimoja kimoja. Mvumo ukikoma ulipochomoa waya wa kompyuta, una mzunguko wa ardhi: kompyuta na amplifaya zimefika kwenye ethi kwa njia mbili, na mkondo mdogo unazunguka kwenye waya wako wa sauti. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukifa, hakuna shaka tena. Ziunganishe zote kwenye ekstensheni moja, au weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikate mguu wa ethi kwenye plagi. Watu hufanya hivyo, mvumo unaisha, na siku mashine ikivuja umeme hedifoni iliyoko kichwani ndiyo inayokuwa njia yake.

Wenye mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani wana jambo la ziada. Zinataka volti 100, nasi tuna 230, hivyo lazima kuwe na transfoma ya kushusha. Ikikaa ubavuni mwa amplifaya, sumaku yake inaingia moja kwa moja kwenye saketi, na kwenye hedifoni utausikia mvumo ambao spika zilikuwa zinauficha. Isogeze mita moja, uigeuze upande, usikilize tena.

Amplifaya ya pekee haitibu mvumo wa ardhi. Inaongeza waya mmoja zaidi wa kuuleta.

Sauti ikiwa ndogo, sikio moja linapata zaidi

Hii ni volyumu yenyewe. Ndani yake kuna njia mbili za kaboni zinazotakiwa kwenda sambamba, na mwanzoni mwa mzunguko huwa hazilingani. Kwenye spika huwa unapita eneo hilo bila kusimama, lakini ukivaa hedifoni yenye usikivu mkubwa unaishi humohumo. Punguza sauti kwenye chanzo ili uweze kupandisha volyumu hadi eneo zinakolingana. Amplifaya ya pekee yenye swichi ya ukuzaji mdogo inasaidia hapa, maana chanzo kama CD pleya hutoa volti 2 na hazihitaji kukuzwa tena.

Ikikwaruza unapozungusha, ni uchafu tu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, si WD-40 ya kawaida, kisha izungushe mara thelathini mashine ikiwa imezimwa.

Besi imekonda

Nadra zaidi. Baadhi ya matundu hupitisha sauti kwenye kapasita (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme), na kapasita ndogo pamoja na omu chache hukata besi. Kapasita ya maikrofaradi 100 na hedifoni ya omu 32 huanza kukata hezi 50; kwa omu 300 haikati mpaka hezi 5. Kwa hiyo kama besi imekonda kwa hedifoni moja na imejaa kwa nyingine yenye omu nyingi, kosa haliko kwenye hedifoni. Kapasita zilizokauka kwa uzee zinazidisha hali hiyo, na kubadilisha jozi moja ni kazi ndogo.

Umechomoa hedifoni na spika hazirudi

Ndani ya tundu kuna vibati vinavyokata spika pini inapoingia. Vikishika kutu haviungani tena. Ingiza na kutoa pini mara ishirini. Spika zikirudi kwa mkwaruzo, puliza dawa ya kontakti. Kabla ya hapo lakini, tazama swichi ya SPEAKERS A/B. Usafi wa nyumba umeshawahi kuisogeza zaidi ya mara moja hapa kwangu.

Umenunua ya pekee, na sasa kuna matatizo mapya

Iunganishe kwenye TAPE OUT au REC OUT ya redio (matundu ya kupeleka sauti kwenye kinasa), si kwenye tundu la hedifoni na si kwenye matundu ya spika. TAPE OUT haifuati volyumu ya redio, kwa hiyo ukizungusha kile kitufe kikubwa na hedifoni zisibadilike, hakuna kilichoharibika. Sauti unaipanga kwenye kisanduku kipya. Spika nazo zitaendelea kulia kwa sababu hukuchomeka kitu kwenye tundu la redio: zizime kwa swichi ya SPEAKERS. Kukiwa kimya kabisa, tafuta kama redio yako ina kitufe cha pili cha REC SELECT, kilichoachwa kwenye chanzo kingine. Ukitumia PRE OUT, tundu linalofuata volyumu ya redio, volyumu mbili zinafanya kazi pamoja. Weka ile ya kisanduku katikati na uongoze kwa redio.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata mafundi: spika zinaanza kukoroga sauti tangu kisanduku kiunganishwe, na hasa kikiwa kimezimwa. Kwenye redio nyingi TAPE OUT imeungwa moja kwa moja na chanzo bila kinga katikati. Kisanduku kisicho na umeme kinageuka mzigo unaokata vilele vya sauti. Kiwashe au kichomoe.

Pini za balansi, ile ya XLR yenye miguu minne au ya milimita 4.4, zina hasi mbili zilizo hai. Adapta inayotoka kwenye tundu la balansi kwenda hedifoni ya kawaida inaziunganisha hasi hizo na kuua amplifaya. Kinyume chake, hedifoni ya balansi kwenye tundu la kawaida, haina shida.

Kama kisanduku ni cha mtumba, usikijaribu kwa hedifoni uipendayo. Kiwashe bila chanzo, volyumu chini, weka multimita kwenye volti za DC, pima kila chaneli na ardhi ya tundu baada ya dakika tano. Milivolti chache ni kawaida. Ukikuta mia au zaidi, koili zako zitakuwa zinasukumwa upande mmoja muda wote, zikipata joto bure. Mrudishie muuzaji, au mpelekee fundi kwanza. Mlio wa "tubu!" unapowasha nao huumiza: washa, hesabu hadi kumi, ndipo uchomeke.